Kidole Gumba cha Morjina

Ijumaa za Morjina Khatun hazikuchukuliwa kwa mkupuo. Zililiwa kidogokidogo, kama kuku wa jirani anavyoudonoa mpunga ulioanikwa uani: unamfukuza, anarudi, unageuka kuchota maji, na ukija kutazama tena, mkeka una kipara.

Morjina alikuwa mshonaji wa chumba cha sampuli katika kiwanda cha nguo cha Meghbari, pale Ashulia, mji wa viwanda ambako Ijumaa ndiyo siku pekee ya kupumzika. Ukiwaza, kazi yenyewe ni ya ajabu. Kila koti linaloning'inia dukani ng'ambo limeigwa kutoka koti jingine, na hilo kutoka jingine, lakini lazima pawe na moja lisiloiga mtu, la kwanza kabisa. Hilo ndilo lililotoka mikononi mwa watu kama yeye. Mashine yake ilikuwa karibu na dirisha, kanyagio limefungwa kitambaa cha sari kuukuu ili lisimuumize unyayo, na kwa miaka mingi hakuna mtu mwingine aliyelikalia lile stuli.

Zamani, na zamani yenyewe si ya mbali, mnunuzi akiwa na haraka, bosi Rafsan alitoka ofisini mwake Alhamisi mchana akapita mashine hadi mashine kuomba watu waje Ijumaa. Alikuwa kijana bado, mwembamba, mwenye tabia moja aliyodhani haionekani: kabla ya kuomba jambo gumu, alikuna sikio. Wanawake walilijua lile sikio kuliko alivyolijua mwenyewe. Akilishika tu, Anwara, aliyeketi mashine ya pili, alimnong'oneza Morjina, "Limewasha. Kesho imekufa."

"Dada Morjina, hivi kesho…"

"Kesho ni Ijumaa, bosi."

"Najua ni Ijumaa."

"Nilidhani umesahau, kwa vile umekuja na sikio jekundu."

Rafsan alicheka kwa aibu, akasimama, akakuna tena. "Mnunuzi ametubana. Nusu siku tu."

"Nusu siku, na gari la kampuni linirudishe mpaka mlangoni."

"Gari lipo."

"Na chai iwe ya maziwa. Si yale maji mliyooshea vikombe."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Mara nyingine walikubali, mara nyingine walikataa, na aliyekataa alitoa sababu yake, na Rafsan akaisikiliza, maana alikuwa amesimama mbele yake na hakuwa na pa kuangalia ila usoni. Mwenye mtoto mgonjwa alimwonyesha macho yaliyovimba. Mwenye harusi alimwonyesha hina. Bosi alirudi ofisini akiwa na watu pungufu ya aliowataka na zaidi ya aliowatarajia, na kazi ilitoka.

Halafu ikaja Familia.

Kampuni ilileta mtambo mpya wa kuwasiliana. Chumba cha mikutano kikawekwa kioo kikubwa ambamo mnunuzi alionekana mzimamzima, akiwa nyumbani kwake, na siku moja paka alipita mbele yake akaketi juu ya michoro yote ya suruali, wanawake wakacheka mpaka mnunuzi naye akacheka. Morjina alipenda mambo hayo. Alipenda kuona kwamba yule anayelalamikia zipu ana paka. Na kila mshonaji akaingizwa kwenye kundi moja la simu, nalo likapewa jina: Familia ya Sampuli. Barabara ikifurika, taarifa ilikuja humo na watu hawakutembea bure kwenye maji ya magoti. Picha yenye mshale mwekundu ulioonyesha mshono uliopinda ilifika kabla mshono haujapoa. Hakuna aliyesema ni kitu kibaya.

Ubaya ulikuja na kidole gumba.

Bosi Rafsan aliandika siku moja kwamba sauti za kurekodi zimejaza kundi, maelezo marefu yanachosha, na kuanzia sasa jambo likitangazwa inatosha kuweka dole, ile picha ya kidole gumba kilichoinuliwa. Dole tu. Ukiliweka, mtambo wenyewe unaliandika jina lako miongoni mwa waliokubali, na ukurasa huo unahifadhiwa kwa ajili ya wakaguzi wa wanunuzi, ambao wanataka ushahidi kwamba hakuna aliyelazimishwa kufanya kazi siku yake ya mapumziko.

Basi sikio la Rafsan likapumzika. Tangazo lilikuja Alhamisi jioni, watu wanaposhika tonge la kwanza. Madole yakaota chini yake. Na asiyetaka? Shiuli, binti mpole wa mashine ya pembeni, aliandika mara moja: *Samahani bosi, mtoto ana homa, siwezi.* Hakujibiwa. Wiki iliyofuata alihamishiwa ghorofa ya tatu, kwenye laini, zile safu ndefu za mashine ambako kila mtu hushona kipande kimoja, akashona mifuko. Mfuko wa kushoto tu, asubuhi mpaka jioni, kwenye kelele ambayo inakufuata mpaka kitandani. Hakuna aliyesema ni kwa sababu ya ule ujumbe. Hakuna aliyehitaji kuambiwa.

"Familia gani hii," Anwara alisema wakati wa chakula, "ambayo baba haonekani wala hakohoi, anatuma maua tu?"

Maana kila tangazo lilimalizika kwa ua.

Nyumbani kwa Morjina walikuwa wawili siku nyingi za mwezi. Mumewe, Kashem, alikuwa mpishi wa hoteli moja mbali, mjini Chattogram, na alirudi kwa zamu. Aliyebaki ni binti yao Jhumur, wa darasa la tisa, mwembamba kama fito, ambaye shule ilikuwa imegundua kwamba ana mapafu. Alicheza kabadi. Katika mchezo ule unavuka mstari peke yako kwenda kwa maadui, ukisema kabadi, kabadi, kabadi bila kuvuta pumzi, unawagusa unaoweza na kurudi kwako kabla pumzi haijakatika, nao wanakurukia wakushike. Jhumur alifanya mazoezi hata akiosha vyombo. Majirani walidhani anasoma dua.

Mechi za shule zilichezwa Ijumaa. Ya kwanza Morjina aliikosa kwa sababu ya dole. Ya pili aliikosa kwa sababu ya dole. Sasa kulikuwa na fainali.

"Sikwambii uje," Jhumur alisema siku ya Jumatano, akisuka nywele na kumpa mama yake mgongo. "Nakwambia tu kwamba ipo."

"Nitakuja."

"Mara ile ulisema hivyohivyo, kwa sauti hiyohiyo."

Morjina aliuvuta ule msuko kidogo zaidi ya inavyofaa. "Na hii sauti niiweke wapi, niazime ya jirani?"

"Wewe njoo na sauti yoyote. Usipokuja sitakuuliza kitu."

Hilo ndilo lililomuuma. Binti anayeuliza bado anatarajia jibu.

Alhamisi, jua limezama, walikuwa wameketi na wali, dengu, na biringanya iliyopondwa kwa pilipili na mafuta ya haradali. Simu ikatetemeka juu ya mkeka. Jhumur aliitazama, akaacha kula.

*Familia, kesho saa mbili kamili asubuhi. Koti la mtoto, rangi zote. Mnunuzi anatusubiri. Dole tafadhali.* Na ua.

Madole yakaanza. La Anwara, la Hasina, la Kohinoor, yakapangana moja kando ya jingine, manjano, yamenona, yamesimama. Morjina aliyatazama mkono ukiwa na wali. Kisha bega lake likaanza kucheza. Jhumur alidhani analia.

"Mama?"

"Tazama," Morjina alisema, na hakuwa analia hata kidogo. "Tazama yanavyofanana na chane ya ndizi."

Kila mtu aliyelelewa na bibi yake kwetu anaijua ndizi hiyo. Mtoto anakuahidi pipi, unampa nafasi kwenye bembea, akishuka anakunja ngumi, anainua kidole gumba, anakitingisha puani pako: chukua ndizi! Maana yake, hupati kitu, mjinga wewe. Bibi yake Morjina, kule Jamalpur, alimwonyesha ndizi mtoza ushuru wa soko mbele ya watu, na watu walihesabia miaka kuanzia siku hiyo. Lakini simu zilipokuja, kidole kilekile kilifika kutoka ng'ambo kikiwa kimevaa shati safi na kusema ndiyo, vema, nimekubali. Vijana wakakizoea. Hata Morjina alikizoea. Alikuwa amekiweka mara nyingi akimaanisha ndiyo, huku moyo ukisema la.

Alinawa mkono kwa makini, akaufuta kwenye sari. Akachukua simu.

"Usiandike kitu," Jhumur alisema haraka. "Watakupeleka ghorofa ya tatu. Mimi ni mechi tu, mama. Ni mchezo."

"Siandiki kitu." Akabonyeza. Dole la Morjina Khatun likasimama kwenye mstari na wenzake.

Uso wa Jhumur ulifungwa kama duka. "Umekubali."

"Nimemwonyesha ndizi."

"Mama, kwenye simu hiyo ni ndiyo."

"Kwenye simu ya nani? Simu nimeinunua mimi, na kidole nimezaliwa nacho."

"Hawataelewa."

"Hilo ni lao," alisema Morjina, akavuta sahani. "Kula. Mtu mwenye njaa hana pumzi."

Siku ya pili, baada ya sala ya Ijumaa, alikuwa ameketi kwenye ukingo wa uwanja wa shule kati ya kina mama wengine, kopo la bisi za mchele mapajani. Simu alikuwa ameitumbukiza mlemle. Ilianza kulia tangu asubuhi na haikuchoka, na kila ilipotetemeka bisi zilirukaruka ndani ya kopo kama zinakaangwa upya. Mama aliyeketi kando yake alichungulia.

"Dada, bisi zako zi hai?"

"Zinaniita kazini. Chukua kiganja, zipungue."

Jhumur aliingia uwanjani bila kuangalia pembeni. Alikuwa ameamua kutotafuta. Lakini alipovuka mstari mara ya kwanza, kabadi, kabadi, macho yakimzunguka, aliiona sari ya kijani yenye kopo, na wasichana wa upande ule waliapa baadaye kwamba pumzi yake iliongezeka pale waliposubiri ikatike. Aligusa wawili na kurudi akiteleza kwa kifua. Morjina hakupiga kelele. Alitafuna bisi harakaharaka, bila kuzimeza.

Walifungwa. Mwishoni kabisa Jhumur alishikwa kifundo cha mguu, kidole kimoja tu kabla ya mstari, akalala kifudifudi na wasichana wanne juu yake. Alitoka na mchanga mpaka kwenye meno.

"Uliona?"

"Niliona."

"Tumefungwa."

"Hilo pia niliona."

"Basi nipe bisi," Jhumur alisema, akaketi akimwegemea, jasho lote na mchanga wote kwenye ile sari safi, na wala hakuambiwa asogee.

Jumamosi asubuhi kadi ya Morjina ilitoa taa nyekundu getini. Mlinzi, mzee Idris, alijifanya kuitazama barabara.

"Kadi yako inasema uanzie ofisi ya ustawi."

"Kadi inasema? Na wewe, kaka, umeachishwa kusema?"

"Mimi siku hizi naambiwa na taa," alisema mzee Idris. "Pita, dada. Mungu akusimamie."

Ofisi ya ustawi ilikuwa ya Bi Nasrin, mama wa makamo mwenye miwani ya mnyororo, ambaye kazi yake ilikuwa kuhakikisha watu wa kiwanda wanatendewa haki na wanunuzi hawasikii vinginevyo. Bosi Rafsan alikuwa amekaa pembeni, macho mekundu. Mezani palikuwa na gazeti la siku ile, kikombe cha chai, na picha iliyochapwa ya ule ukurasa wa kundi. Dole la Morjina lilizungushiwa wino mwekundu.

"Hili ni lako?" Bi Nasrin aliuliza.

"Langu."

"Uliridhia kuja."

"Hapana. Nilimwonyesha ndizi."

Bi Nasrin alikuwa ananyanyua kikombe. Alikirudisha bila kunywa. Rafsan alielewa polepole. Ilimwanzia shingoni, ikapanda mpaka masikioni.

"Dada Morjina," alisema, "nilikupigia simu mpaka betri ikaisha. Rangi mbili hazikutoka. Mnunuzi ameniuliza mbele ya watu kwenye kile kioo, nikajibu kwamba watu wote walikubali. Niliwaonyesha ukurasa!"

"Uliwaonyesha ndizi, na wao."

"Huu si mzaha."

"Sijasema mzaha. Bi Nasrin, hilo gazeti lako linasemaje hapo juu?"

Bi Nasrin aliligeuza ingawa alikuwa ameshalisoma. Kilikuwa kichwa cha habari cha kawaida, cha aina tunayoisoma kila wiki: wenye matanuri ya matofali walikuwa wameendelea kuchoma, *wakiionyesha sheria kidole gumba*.

"Hao wamekubaliana na sheria?" Morjina aliuliza.

Mnyororo wa miwani ulitikisika kidogo. Bi Nasrin alitazama dirishani mpaka ulipotulia.

"Ungeweza kuandika hapana," Rafsan alisema.

"Shiuli aliandika."

Juu, laini zilikuwa zimeanza, na sakafu ilitetemeka kama kawaida yake.

"Sikia," Bi Nasrin alisema, sauti ikawa ya chini na ya upole. Akamsogezea karatasi nyeupe na kalamu. "Jambo hili linaisha hapahapa. Andika kwamba ulikosea. Hukuielewa ile alama, ukaibonyeza tu. Watu wengi hawazielewi alama hizi. Ukiandika hivyo, unarudi dirishani kwako sasa hivi na hakuna kitakachoandikwa dhidi yako."

"Kweli kabisa, dada," Rafsan alirukia, kama mtu aliyerushiwa kamba. "Mama yangu mwenyewe, nilipofiwa na babu, alinitumia katuni inayocheza. Mambo haya yanachanganya."

Morjina alishika kalamu. Wote wawili waliona, na wote walishusha mabega. Alikuwa anawaza stuli lake, kile kitambaa cha kanyagio, mwanga wa dirishani unaokuonyesha uzi kabla hujauhisi. Aliwaza mfuko wa kushoto. Sentensi moja tu ilihitajika. Alifika darasa la nane. Mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wa Rafsan.

"Mama yako," alimuuliza Rafsan, "siku akikuonyesha ndizi uso kwa uso, utasema amekosea?"

"Dada…"

"Sikukosea. Ninaijua maana ya kwenu na ninaijua ya kwetu. Kidole ni kimoja, maana ni mbili, nikachagua. Nikiandika hapa kwamba sijui, basi kuanzia leo kila nikisema hapana mtasema maskini, hakuelewa." Alilaza kalamu juu ya karatasi. "Bosi, ungekuja na sikio lako tungeelewana. Ningekwambia mwanangu ana fainali. Ungesema nusu siku, ningesema asubuhi tu mpaka saa tano, ungenipa gari. Ungepata rangi moja na mimi ningepata mechi yangu. Lakini hukuja. Ulituma ua."

"Unadhani mimi sitaki kuja?" Rafsan alisema, na mara hii hasira ilikuwa ya kweli. "Unadhani mimi sina Ijumaa? Mimi nami, juu yangu kuna kundi la wakubwa. Wananiandikia, naweka dole. Sijawahi kuulizwa."

"Basi pole," Morjina alisema, na alimaanisha. "Lakini hiyo ya kwako usinipitishie mimi."

Akahamishiwa ghorofa ya tatu siku hiyohiyo.

Shiuli alikuwa mashine ya jirani. Hakuacha kushona, aliinamisha kichwa upande ili asikike kwenye ile kelele. "Karibu mfukoni, dada."

"Kushoto au kulia?"

"Wewe wamekupa kulia. Umepandishwa cheo."

Wakacheka mpaka msimamizi wa laini akageuka. Lakini Morjina alipofika nyumbani mikono ilikuwa imekakamaa, na Jhumur alimpaka mafuta ya haradali vidole kimoja kimoja bila kuuliza. Alipofika kwenye gumba, alilipaka mara mbili.

Kiwanda kina ngazi, na ngazi zina masikio. Kabla ya Jumapili kwisha, kila mtu kuanzia wakataji mpaka wapiga pasi alijua nini kilisemwa mbele ya Bi Nasrin. Wanawake waliokutana kwenye bomba la maji walikunja ngumi chini ya shela na kutingisha kidole. Bosi Rafsan alisikia vicheko vikinyamaza kila alipopita, akaona afadhali alimalize jambo kwa maandishi. Akaandika:

*Familia, ili kuepuka kutoelewana: kuanzia leo kidole gumba maana yake ni NDIYO na si kitu kingine chochote. Ukishasoma na kuelewa, weka dole.* Na ua.

Dole la kwanza lilikuja kabla hajaweka simu mezani. La Anwara. Likafuata la Hasina, la Kohinoor, halafu yakamiminika, ya watu ambao siku zote wanachelewa, ya mwanamke aliyekuwa likizo ya uzazi, hadi chumba kizima kikawa kimejibu. Rafsan alifurahi. Kisha akagundua kwamba nyuma ya kioo cha ofisi yake hakuna mashine hata moja inayolia. Watu walikuwa wameinamia meza, mabega yakicheza, na kicheko kilitoka kwa vipande vipande kama mafuta yanayorukia samaki.

Aliyatazama madole tena. Alitoka.

"Dada Anwara. Dole lako ni lipi?"

"Ni hilohilo, bosi."

"Lipi?"

"Hilo ulilotuomba."

"Nauliza, ni ndiyo?"

"Si umeandika mwenyewe kwamba ni ndiyo?" Anwara alimtazama kwa macho ya ng'ombe. "Basi tukusaidie nini tena?"

Alikwenda kwa Bi Nasrin na simu mkononi. Bi Nasrin alivaa miwani, akaupitia ukurasa juu mpaka chini, akapanda tena.

"Wakaguzi wakija," alisema, "nikiwapa hii, ninawapa nini?"

"Ridhaa ya wafanyakazi."

"Au chane mbili za ndizi mbivu. Una uhakika ni ipi?"

Rafsan aliuinamia tena ule ukurasa.

"Mimi pia sina. Na wakaguzi wana mkalimani wa hapahapa Ashulia, aliyelelewa na bibi yake." Alimrudishia simu. "Kundi liendelee kwa mafuriko na mishono. Ijumaa ya mtu utaiulizia kwa mdomo. Kila mmoja, na jina lake, na usubiri jibu, si dole. Na yule mliyempeleka juu, na mwenzake wa kabla yake, ukawaulize hukohuko kwa miguu yako. Ghorofa ya tatu si mwezini."

Alhamisi mchana, katikati ya ile kelele, Shiuli alimgusa Morjina kwa goti. Bosi Rafsan alikuwa anakuja kati ya safu za mashine, akijipinda kupisha marundo ya suruali, watu wakimgeukia safu kwa safu. Alisimama kwanza kwa Shiuli. Alikuna sikio, akainama, wakasemezana, na Shiuli alionekana akieleza jambo refu kwa mikono yote miwili, na Rafsan akiitikia kwa kichwa. Kisha akasogea.

"Dada Morjina…"

Alisema jambo, kelele ikalimeza. Morjina alimaliza mfuko aliokuwa nao, akakata uzi, akasimamisha mashine.

"Sikusikia, bosi."

"Nimesema, stuli lako lipo. Hakuna aliyelikalia. Kesho kutwa urudi."

"Na Shiuli?"

"Naye. Nimeshamwambia." Akakuna tena. Lilikuwa jekundu kweli, lile sikio, kama zamani. "Na… hivi kesho. Mnunuzi ameturudishia lile koti. Nilikuwa nauliza kama…"

Safu mbili nzima zilikuwa zimepunguza mwendo. Morjina aliitazama mikono yake, kisha akamtazama usoni. Hakukuwa na mechi kesho. Kulikuwa na nguo za kufua, na Jhumur alikuwa ameomba wapike pamoja wali wa dengu mvua ikinyesha, na mvua yenyewe haikuwa na uhakika.

"Kesho hapana," alisema.

Aliliacha hilo neno lisimame peke yake, bila mtoto mgonjwa, bila harusi. Rafsan aliliachia lile sikio. Alikuwa amesikia, na Morjina alimwona akisikia.

"Haya," alisema bosi. Hakuondoka mara moja. "Na Ijumaa ile nyingine?"

"Ile nyingine," alisema Morjina, akitia mguu kwenye kanyagio na kuvuta mfuko mwingine wa kulia, "njoo uniulize Alhamisi yake."